Kipua cha Sita

Changamwe, Mombasa
9 Oktoba 1993

Kwa mdogo wangu Khatibu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila hamu yako. Barua na picha nimevipata. Umevaa koti mpaka magotini, shingo umeizongazonga kitambaa, na Tumu kaniuliza kama mjomba wake yuko chuoni ama kafungwa.

Waniandikia kuwa mwaunda pua. Nimeisoma mara mbili nikidhani ni macho yangu. Nimekulea, nimekusomesha kwa udi na tibu ninazowauzia maharusi wa Likoni mpaka Kisauni, nawe ukapanda ndege kwenda kuunda pua! Si ungeniambia nikuazime yangu? Pua hii haijauziwa udi wa kuchanganywa tangu marehemu mama aniachie kazi, wajua mwenyewe.

Sasa nina jambo. Lile bohari la ngozi nyuma ya ukuta wetu limepata wenyewe wapya. Zamani ngozi zikija zimekauka, zikikaa siku mbili tatu zapelekwa Kipevu kupakiwa melini. Hawa wapya waziosha papo hapo kwa madawa, na maji yake yaingia shimoni, wamelifunika kwa mabamba ya saruji. Uvundo wake hausemeki. Nafukiza nyumba asubuhi na jioni.

Na Tumu ana mimba ya miezi mitano. Mumewe Jaffar ataka kumpeleka kwao Shika Adabu ajifungue huko na arubaini aikae huko huko, asema hewa ya hapa si ya mzazi. Mimi nimekataa. Mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama, na arubaini hukaliwa kwa mama. Mwanangu wa pekee akandwe na mavyaa yake, mamake Jaffar, nami ni mzima? Mkataa kwao mtumwa. Tumebishana mpaka tumewekeana sharti. Nimemwambia, ndugu yangu ana mashine ya kunusa, na mashine haina mkwe wala mavyaa. Ikisema hewa ya nyumba hii ni mbaya, nitamtoa Tumu kwa mkono wangu. Ikisema ni njema, Jaffar anyamaze. Naye amekubali.

Basi nieleze nifanye nini. Mtoto yuwaja mwezi wa pili, inshallah.

Dada yako,
Barke binti Mwinyihaji


Manchester, Uingereza
1 Novemba 1993

Shikamoo dada Barke,

Nimecheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Pua yako ningeiazima kweli, ila haipiti kwenye mzigo wa posta.

Mashine yetu ina vipua kumi na viwili vilivyopangwa safu, kila kimoja mfano wa punje ya mchele. Hakuna hata kimoja kinachoijua harufu peke yake. Kimoja hushtuka zaidi kwa moshi, kingine kwa spiriti, kingine kwa kitu kilichooza. Ukivipelekea hewa, mstari wa kila kimoja hupanda karatasini kwa kadiri yake, na kompyuta hutazama vyote kwa pamoja, vile wewe unavyomjua mtu kwa mwendo wake kabla hujamwona uso. Tukimaliza tunavipulizia hewa safi ili visahau, maana visiposahau havifai kwa harufu inayofuata.

Lakini mashine haizaliwi na ujuzi, hufundishwa. Sisi hunusa, tukaiambia hii kahawa, huyu samaki aliyeharibika, nayo hukariri. Kwa hivyo mwalimu wake ni pua ya mtu, na nimewaambia wenzangu hapa kwamba pua bora duniani iko Changamwe.

Fanya hivi. Kata vitambaa vinne vyeupe. Kimoja kitundike chumbani kwa Tumu, kimoja ukumbini, kimoja uani, na kimoja kwenye ukuta wa bohari. Vikae siku tatu. Kisha kila kimoja kitie katika kopo lake, ulizibe kwa nta ya mshumaa, uniletee. Na Jaffar umwambie mjomba hapendelei upande.

Wako,
Khatibu


Changamwe
26 Novemba 1993

Mdogo wangu Khatibu,

Makopo manne hayo. Nimeyaandika juu kwa rangi ya kucha ya Tumu usije ukachanganya.

Kile cha ukutani kilikuwa kimeshika uvundo wa haya, basi nimevifukiza vyote vinne kwa udi wangu wa maharusi kabla ya kuvitia. Mtu hamtumii nduguye uvundo, tena ng'ambo, wenzako wafungue waseme huyu kwao ni jaani. Chetezo nilikifunika tega, lile tenga la kufukizia nguo, vikakaa humo mpaka vikaiva. Sasa nasubiri hukumu. Jaffar naye asubiri, kila akitoka kazini Kipevu aniuliza kama posta wamekuja.

Dada yako,
Barke


Manchester
20 Desemba 1993

Shikamoo dada,

Makopo yamefika. Nilipofungua la kwanza chumba chote cha kazi kilinukia harusi, na profesa akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Mimi nilitaka kulia, nikajizuia.

Kuvifukiza hukupaswa. Kosa ni langu, miaka minne ya ugeni imenisahaulisha watu wangu, sikukumbuka kukukataza. Hata hivyo nimevipitisha vyote mbele ya mashine, mara tatu kila kimoja. Udi ilikuwa imekwisha kufundishwa, ule ulionipa nilipoondoka. Jibu lake kwa vyote vinne ni neno moja: udi.

Nina swali moja tu, ni la kazi, lisikutie wasiwasi. Asubuhi, kabla hujawasha chetezo, wasikia harufu gani nyumbani? Unijibu upesi.

Wako,
Khatibu


Changamwe
12 Januari 1994

Mdogo wangu Khatibu,

Mungu akuzidishie. Nilimwita Jaffar na mamake, nikawatilia kahawa, nikawasomea barua yako pole pole mpaka pale pa neno moja. Jaffar amenyamaza tangu siku ile. Mamake alisema mashine haizai, nami nikamjibu kuwa haina choyo pia. Tumu yuko kwangu na hatoki.

Swali lako nalijibu kwa ukweli wa Mungu. Sisikii kitu. Yapata wiki tatu sasa uvundo umekwisha kabisa, labda wale watu wametia dawa nzuri shimoni. Hata Kafedha Thoya, jirani yetu huyu Mgiriama anayenisaidia kutwanga miti ya sandali, nilimuuliza, naye asema hasikii.

Visa vya watu tu ndivyo havijesha. Mama mmoja wa Likoni alikuja kuchukua udi wa bintiye, akakaa na leso puani tangu kuingia mpaka kutoka, kama aliyeingia chooni. Kisha akaurudisha, eti sukari niliyoupikia imeungua. Sukari yangu mimi, iungue! Nimemwambia atafute mwingine, watu wa siku hizi hawana pua.

Kichwa chanigonga kidogo siku hizi, ni huo moto wa jikoni. Usijali.

Dada yako,
Barke


Manchester
5 Februari 1994

Shikamoo dada,

Jibu lako limenituliza sana. Kulikuwa na jambo dogo kwenye mashine likinisumbua, na kwa maneno yako nimelirekebisha. Juzi tulikuwa na wageni waliokuja kuiona, mashine ikawatajia kahawa, bizari na udi bila kukosea, na profesa akanishika bega mbele yao. Nilitamani ungekuwepo.

Mtoto akizaliwa niandikie siku hiyo hiyo.

Wako,
Khatibu


Changamwe
1 Machi 1994

Mdogo wangu Khatibu,

Tumu amejifungua Jumamosi tarehe 19 Februari, mtoto wa kike, na tumemwita Mwanaima, jina la mama. Nilitaka kukuandikia siku ile ile, mikono haikupata nafasi. Wako chumba cha ndani, dirisha limezibwa, mlango umerudishwa, chetezo hakizimi. Hawatoki mpaka arubaini itimie mwisho wa mwezi huu.

Sasa nakuandikia yale niliyokuwa sitaki kuyaandika.

Ule mrashi wa fedha wa mama, wa kunyunyizia marashi, umekuwa mweusi. Niliusugua kwa jivu ukang'aa, na siku ya pili ukarudi kuwa mweusi kama sufuria. Mwanaima tulimvika vikuku vya fedha siku ya saba, na vyenyewe vimeingia weusi mkononi mwake. Nimesema ni husuda, na nani mwenye husuda namjua. Nikamwita mwalimu akatuandikia kombe, tukanywa sote. Kuku wangu watatu nimewakuta wamekufa uani karibu na karo, hawana jeraha. Tumu macho yamemwiva na kichwa hakimwachi, mimi namwambia ni damu ya uzazi. Kafedha angenisaidia kumkanda, ila amefiwa na baba mkwe, yapata wiki sasa yuko matangani Kaloleni.

Na siri moja, hata Tumu haijui. Juzi nilichuma asumini, nikazijaza viganjani, nikajifunika nazo uso. Sikusikia kitu. Nikafungua chupa ya haludi, nikatafuna karafuu. Ni kama kunusa maji. Khatibu, pua yangu imekufa, na sijui imekufa lini. Huenda yule mama wa Likoni alisema kweli, nami nikamtukana. Mtu wa kazi yangu akikosa pua ana nini tena? Nimelia peke yangu jikoni.

Lakini hilo ni langu. Namshukuru Mungu kwamba mashine ilisema hewa ni njema, maana sasa mimi mwenyewe siwezi kuamua.

Dada yako,
Barke


TELEGRAMU
Manchester, 14 Machi 1994

BARKE MWINYIHAJI CHANGAMWE
TOKENI NYUMBA HIYO LEO. TUMU NA MTOTO PIA. MSINGOJE ARUBAINI. KHATIBU


Manchester
14 Machi 1994

Dada Barke,

Natoka posta sasa hivi kupiga telegramu. Simu ya dukani kwa Ruwa, hapo mtaani kwenu, nimeijaribu mara sita, haiingii. Naandika na hii ili ujue sababu, usiseme mtoto wa ng'ambo amepata wazimu.

Si husuda. Fedha huwa nyeusi namna hiyo kwa gesi moja, ile inayotoka kwenye madawa ya kusafishia ngozi. Mwanzo hunuka kama mayai viza, na mimi sikukuuliza hata siku moja uvundo wenyewe ulikuwa wa namna gani. Ikizidi, huua pua kwanza. Mtu hudhani imeondoka, kumbe aliyeondoka ni pua yake. Ni nzito kuliko hewa, hulala chini sakafuni. Haikukwisha, dada. Wakati wote ule ilikuwa humo humo.

Nami nilikuficha jambo. Kitambaa cha ukutani kilipopita mbele ya mashine, kipua cha sita kilipanda kuliko kawaida ya udi. Si sana, lakini kilipanda, mara zote tatu. Ndiyo maana nilikuuliza lile swali la asubuhi. Uliponijibu kuwa husikii kitu, nilisema Barke hawezi kukosea, basi kimekosea kipua. Wageni walikuwa waja. Nikaiambia mashine kwamba hilo nalo ni udi.

Wewe ulikaa kwa sababu ya mashine yangu, nami niliinyamazisha mashine kwa sababu ya pua yako. Mtoe Tumu. Kama atolewa kwa kubebwa, abebwe. Jaffar alikuwa na haki tangu siku ya kwanza, mwombe radhi kwa niaba yangu.

Nijibu kwa telegramu. Neno moja lanitosha.

Khatibu


Changamwe
19 Machi 1994

Kwa ndugu Khatibu,

Salamu nyingi. Ni mimi Kafedha Thoya, jirani wa Bi Barke. Jaffar hawezi kushika kalamu, ndiyo nimeshika mimi. Telegramu yako ameikuta jana Ijumaa, maana sanduku la posta hulifungua Ijumaa kwa Ijumaa. Nikaze moyo nikuambie. Bi Barke hatunaye. Alifariki Jumanne tarehe 15, tukamzika jioni hiyo hiyo.

Nilirudi kutoka Kaloleni siku hiyo, saa nne asubuhi. Nilipofika pale penye kona nikapigwa na uvundo wa mayai viza mpaka nikashika ukuta. Nikashangaa, mbona nilipoondoka haukuwepo? Bi Barke nilimkuta barazani anachambua sandali, uso umemvimba. Nikamwambia, Bi Barke, kwanuka kifo hapa. Akasema hakunuki kitu, tena akasema ndugu yangu alinusisha mashine. Sikumbishia. Nikaingia chumbani. Tumu alikuwa amelala macho wazi hanitambui, na mtoto kitandani halii. Nikambeba mtoto, nikamkokota Tumu kwa mkono mpaka njiani juani.

Hapo Bi Barke akaanza kunigombeza. Akasema mzazi hatolewi nje kabla ya arubaini mtupu hivi, bila kufukizwa, mtoto atapatwa. Akarudi ndani kuchukua chetezo. Nilikuwa nimeshika mtoto mkono mmoja na mamake mkono mwingine, ningemzuia kwa mkono upi? Chetezo kilikuwa sakafuni miguuni pa kitanda. Mlango ulikuwa wazi, nilimwona akiinama kukiokota. Hakuinuka.

Garama, bawabu wa bohari, ndiye aliyemtoa. Alikuja mbio akisema asubuhi ile wamemwaga dawa ya namna nyingine shimoni juu ya ile ya kwanza, na watu wao wawili wameanguka. Akajifunga kitambaa cha maji usoni akaingia, akamvuta kwa miguu. Alikuwa amekwisha. Alikuwa bado amekishika chetezo, na makaa yalimwagika njia nzima.

Tumu na Mwanaima wako Shika Adabu kwa mavyaa. Mtoto alikataa ziwa siku mbili, sasa ananyonya. Nyumba imefungwa. Watu wa bohari wanasema ni shinikizo la damu.

Kila nikienda kuwatazama Tumu ananiuliza swali moja: mashine ilisema nini hasa? Nimemwambia nitakuuliza wewe.

Kafedha Thoya


Changamwe
14 Machi 1994

Mdogo wangu Khatibu,

Hujanijibu, najua ni posta. Naandika kabla jua halijawa kali nimpe Jaffar aipeleke.

Leo Mwanaima amecheka usingizini. Wasema watoto hucheka na malaika, mimi nasema amecheka na bibi yake. Nimefikiri sana juu ya yale niliyokuandikia. Nimeamua arubaini ikiisha nitafunga nyumba hii nihamie nao Shika Adabu, Jaffar ashinde, tena nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Zimebaki siku kumi na sita tu. Kafedha yuwarudi kesho, atanisaidia kufunga vitu.

Jana nimepika udi, wa kwanza tangu nijue hali yangu. Nimepika kwa kuhesabu na kwa kutazama rangi, kama kipofu apitaye kwake. Karatasi hii nimeifukiza kwa huo. Ninusie wewe uniambie kama sukari imeungua. Niambie kweli, Khatibu, usinionee haya.

Dada yako akupendaye,
Barke


Manchester
5 Aprili 1994

Dada Kafedha,

Umewatoa watu wangu wawili katika kaburi, na wa tatu hukumwacha wewe, nimemwacha mimi. Pole hizi zinazoletwa kwenu msiniletee. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Bohari lisiachwe. Nimewaandikia wakubwa wa mji na wa afya, na nakala ya barua hizo iko humu, mpe Jaffar. Kuhusu shinikizo la damu, wapelekeeni watu wa bohari mrashi wa mama uliogeuka mweusi, waueleze.

Swali la Tumu lina haki ya kujibiwa. Barua yangu ya tarehe 14 ikifika msomee yote, usiruke mstari. Mwambie mashine ilisema kweli tangu mwanzo. Ilikuwa na vipua kumi na viwili, na kimoja kilikuwa kikipiga kelele, nami nikakifunga mdomo kwa sababu nilitaka kusifiwa na nilitaka dada asiwe amekosea. Asimlaumu mamake. Anilaumu mimi, na akitaka kuniandikia hayo aniandikie, nitayasoma.

Barua ya mwisho ya dada imefika siku tatu baada ya yako. Nilikaa nayo siku nzima bila kuifungua. Alikuwa ameifukiza, akaniomba nimnusie. Nimenusa. Sukari imeungua, dada Kafedha, na sina wa kumwambia.

Kisha nikaichukua karatasi ile, nikaiweka mbele ya mashine, nikavitazama vipua vikipanda. Mstari wa cha sita ulipanda mpaka mwisho wa karatasi ya mashine ukagonga ukingo. Nikasubiri kompyuta itoe jibu.

Iliandika udi. Ndivyo nilivyoifundisha.

Khatibu Mwinyihaji